Kutoka "Panda Gari" hadi "Funga Macho": Albamu Nilizozipenda Miezi Hii

Bibi yangu, ambaye kwa Kiganda tunamwita Jjajja, anajua maneno ya Kiswahili yasiyozidi kumi, na karibu yote ni amri. Simama. Lala chini. Toa pesa. Panda gari. Aliyajifunza katika wilaya ya Luweero wakati wa vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986, na walimu wake walikuwa askari wa vizuizini. Kwa watu wa rika lake, "panda gari" si kitenzi na nomino tu. Ndilo jina la misako ya miaka ile, ambapo watu walizingirwa, wakapakiwa kwenye malori, na baadhi yao hawakurudi.

Nilipomwambia kuwa chuoni nimechagua kusoma Kiswahili, aliniuliza kama najiunga na jeshi. Hakuwa anatania.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndiyo iliyonipa kipimo cha uhakiki huu. Kuanzia likizo ya Desemba 2024 hadi ile ya katikati ya mwaka 2025, nimesikiliza albamu nne mpya mara nyingi kuliko nilivyofungua vitabu vya kozi. Nyingi nilizisikiliza nyumbani Luweero, simu yangu ikiwa imeunganishwa na spika ndogo ya binamu yangu, Jjajja akiwa kando anachambua kahawa. Mhakiki yeyote wa muziki atauliza: midundo ikoje, sauti ikoje, utunzi ukoje? Nami nitauliza hayo. Lakini nina swali moja la ziada: wimbo huu unakifanyia nini Kiswahili katika sikio la mtu aliyekijua kama lugha ya bunduki?

Najua si wote watakaoliona swali hili kuwa la kitaaluma. Mhadhiri wetu mmoja alituambia tukiwa mwaka wa kwanza kwamba Bongo Fleva ndiyo adui mkubwa wa sarufi. Alikuwa na ushahidi mkononi: karatasi zetu za mtihani, zilizojaa "mi nataka" na "we ndo wangu". Namheshimu sana, na nitamrudia kabla sijamaliza, kwa kuwa kuna jambo alilolisema ambalo nimekuja kulikubali, ingawa si kwa sababu zake.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu njia ambayo Kiswahili kimepita kutufikia. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni hatua nzuri, na kwa mwanafunzi kama mimi inaleta matumaini ya ajira. Lakini nyumbani kwetu nyimbo zilitangulia. Baba yangu alikuwa akipiga kaseti na baadaye CD za Jose Chameleone, Mganda aliyekwenda kurekodi Nairobi kwa Ogopa Deejays na kuimba vibao vya Kiswahili kama "Jamila". Niliweza kuimba "Jamila" kabla sijajua kuwa ile ni lugha nyingine. Jjajja alipokuja kututembelea, baba alipunguza sauti. Nilidhani ni heshima kwa mkubwa tu. Baadaye sana ndipo nilipoelewa.

Sasa nije kwenye albamu zenyewe.

Katika hizi nne, ninayoipenda zaidi ni The Godson ya Marioo, iliyotoka Novemba 2024 ikiwa na nyimbo 17. Ni albamu yake ya pili, baada ya The Kid You Know ya Desemba 2022. Marioo aliwaandikia wengine nyimbo kabla ya kujulikana kwa sauti yake mwenyewe, na jambo hilo linasikika. Sauti yake si kubwa. Ni nyembamba kidogo, ina mkwaruzo, na mara nyingi anaimba kama mtu anayezungumza na mtu mmoja tu chumbani. Hapigi kelele ili asikike. Anakufanya usogee karibu. Katika "Nairobi", anapomwalika Bien wa Sauti Sol, sauti nyepesi ya Mtanzania inakutana na sauti nzito ya Mkenya, na hakuna anayemwiga mwenzake. Kwa sisi tunaojifunza lugha hii tukiwa nje ya nchi hizo mbili, wimbo wa namna hiyo ni somo la lahaja na lafudhi lisilohitaji ubao.

Lakini wimbo wa Marioo nilioutumia zaidi ni "Unanchekesha", na nasema "nilioutumia" kwa sababu niliupeleka darasani. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliandika jina hilo ubaoni mbele ya kidato cha kwanza nikawauliza wanafunzi: neno hili linasema kwamba anayechekeshwa ni mimi, je, huyo "mimi" yuko wapi? Sarufi ya kitabuni inadai "unanichekesha". Marioo ameidondosha irabu ya kiambishi cha mtendwa, kama watu wa Dar es Salaam wanavyofanya kila siku wakizungumza, na "n" imebaki peke yake ikiegemea "ch". Wanafunzi waliitafuta kwa dakika kadhaa. Walipoipata, hawakuisahau tena, na hata wakaweza kunieleza kwa nini katika mtihani wataandika "ni" nzima. Hapo sikuona adui wa sarufi. Niliona mlango wa kuingilia.

Tena kitenzi hicho kiko katika kauli ya kutendesha: cheka, chekesha. Kutendesha ni kumfanya mtu atende. Vitenzi vya kauli hiyo ambavyo Jjajja angevitambua ni vya namna nyingine: kupandisha watu malorini, kulaza watu kifudifudi, kulazimisha. Hapa kuna mtu anayemfanya mwenzake acheke, na huyo mwenzake analalamika kwa furaha. Sarufi ni ileile, lakini mkono unaoishika umebadilika.

Kasoro ya albamu hii ni wingi. Nyimbo 17 ni nyingi kwa msanii ambaye nguvu yake ni ukaribu, na kadiri unavyosonga mbele besi nzito ya amapiano, mtindo uliotoka Afrika Kusini na kuenea kila mahali, inaanza kuyafunika maneno. Kwa mchezaji wa dansi hilo si tatizo. Kwa msikilizaji anayeyawinda maneno, ni kama kuzungumza na mtu kando ya mashine ya kusaga.

Albamu ya pili ni Peace and Money ya Zuchu, iliyotoka Desemba 2024. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu kutoka Zanzibar, na mwaka 2020, katika I Am Zuchu, mama na binti waliimba pamoja "Mauzauza". Binti hakurithi sauti pana ya mama yake, na kwa maoni yangu hajaribu kuiiga. Alichorithi ni matamshi. Silabi za Zuchu zinasikika moja baada ya nyingine, hata pale mdundo unapokimbia. Mwanafunzi wa lugha anaweza kuandika imla akimsikiliza. Alirithi pia ule ustadi wa taarabu wa kusema jambo kwa mtu fulani huku kila mtu akijiuliza kama anasemwa yeye.

Siku moja ya Desemba nilimtafsiria Jjajja majina ya nyimbo zake za karibuni, si za albamu hii tu. Nilifika kwenye "Hujanizidi", aliyoimba na D Voice, nikamweleza kuwa neno hilo moja ni sentensi nzima, na kwamba ndani yake kuna mtu anayeambiwa bado hajamshinda msemaji. Kisha nikafika kwenye "Siji", aliyoimba na Toss wa Afrika Kusini. Silabi mbili tu: si, ji. Nikamwambia maana yake ni kwamba mtu ameitwa na amekataa kuja.

Jjajja aliacha kuchambua kahawa. "Mwanamke anasema hivyo kwa Kiswahili?" aliniuliza kwa Kiganda.

"Ndiyo, Jjajja."

"Na hapigwi?"

Sikuwa na jibu la kihakiki. Nilimwambia hapigwi, analipwa. Binamu yangu alicheka, naye Jjajja akarudia neno lile mara mbili kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja chumvi. Tangu siku hiyo nimeuelewa ukanushi kwa namna ambayo hakuna kitabu cha isimu kilichonifundisha. Katika Kiswahili alichokijua yeye hapakuwa na "si-". Palikuwa na amri, na palikuwa na kutii.

Albamu ya tatu ni fupi, ni EP, na imeingia kwenye orodha yangu kwa kuchelewa. Ni Room Number 3 ya Mbosso, yenye nyimbo 7, iliyotoka Juni 2025, baada ya yeye kuondoka WCB. Mbosso tunamjua tangu enzi za Yamoto Band. Wimbo wake "Pawa" ulifika kwetu kwa kasi ya moto wa nyasi kavu. Niliusikia kwenye teksi za Kampala, kwenye vituo vya bodaboda vya Wobulenzi, na kwa wauza mananasi kando ya barabara ya Gulu. Siuhesabu umaarufu kuwa ubora, lakini hapa viwili hivyo vimekutana. Mbosso anavuta irabu na kuzipinda kwa namna inayonikumbusha taarabu na kaswida. Neno likiwa fupi, yeye analipa mwendo mrefu. Jina lenyewe, "Pawa", ni mfano mzuri wa utohozi: neno la Kiingereza limeingia, likavuliwa viatu mlangoni, likatamkwa Kiswahili.

Utohozi huo unanileta kwenye wimbo ambao si wa miezi hii, lakini siwezi kuuruka kwa kuwa bado unapigwa kila sherehe: "Komasava" wa Diamond Platnumz, wa mwaka 2024, aliouimba na Khalil Harisson na Chley, kisha ukafanyiwa marudio na Jason Derulo wa Marekani. Jina hilo ni salamu ya Kifaransa iliyoandikwa kwa Kiswahili, na wimbo wenyewe unajengwa juu ya salamu za lugha mbalimbali. Kwa muda mrefu niliukosoa mbele ya wenzangu. Nilisema ni wimbo unaopiga hodi katika kila nyumba bila kuingia hata moja, na kwamba nyimbo za Kiswahili zinazovuka mipaka kirahisi ni zile zenye Kiswahili kidogo zaidi. Bado naamini nusu ya maneno hayo. Mtu anaweza kuucheza mwaka mzima na asijue Kiswahili zaidi ya alichokuwa anakijua. Nusu nyingine nimeiondoa, kwa sababu Jjajja aliposikia kuwa kijana huyo anasalimu tu, alishangaa kwamba mtu anaweza kuja na Kiswahili na akaanza kwa salamu. Askari hawakusalimu.

Albamu ya nne ndiyo iliyonisumbua. Ni Colorful Generation ya Bruce Melodie wa Rwanda, iliyotoka Januari 2025. Bruce Melodie anaimba Kinyarwanda, Kiingereza na Kiswahili, na pengine lugha hizo hukutana katika wimbo mmoja bila kugombana. Naye pia ameimba na Bien, katika "Iyo Foto", kwa hiyo sauti ileile ya Nairobi niliyoisikia kwa Marioo nimeisikia tena Kigali. Albamu hii haina umoja wa The Godson. Inaruka kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine kama mtu anayeonyesha kabati lake la nguo. Lakini inanipa furaha, kwa sababu ni kazi ya mtu aliyekichukua Kiswahili kutoka kwa jirani na kukitumia bila kuomba ruhusa, kama ninavyojaribu kufanya mimi hapa.

Wimbo wake ulioleta jambo ninalotaka kulisimulia ni "Funga Macho", uliojulikana kabla ya albamu hiyo na ambao mwaka 2023 ulifanyiwa toleo jipya na Shaggy wa Jamaika kwa jina la "When She's Around". Binamu yangu aliuweka jioni moja baada ya nyimbo nyingine. Ni wimbo wa mapenzi, mtamu, wa mwendo wa polepole. Jjajja alisikia maneno ya jina lake, na mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nani anafungwa macho?" aliuliza.

Kwa dakika moja sikuelewa. Kisha nikaelewa. "Panda gari." "Funga macho." Kitenzi katika hali ya kuamuru, kikifuatwa na nomino. Muundo ni mmoja. Na kitenzi "kufunga" alikuwa anakijua: ni cha kamba, ni cha jela, ni cha kitambaa kinachozungushwa usoni mwa mtu kabla hajapelekwa asikokujua. Nilimweleza haraka kuwa ni mpenzi anamwomba mpenzi wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na akiyafumbua, anakuta nini?"

"Anamkuta aliyemwambia ayafumbe," binamu yangu alijibu.

Jjajja alifikiri, akarudi kwenye kahawa yake. Hakusema kuwa wimbo ni mzuri, wala hakusema tuuzime.

Hapa ndipo ninapomrudia mhadhiri wangu. Siku aliyotukosoa alitoa mfano huuhuu: Mswahili wa Pwani, alisema, anafumba macho, anayefunga macho ni mtu wa bara asiyeijua lugha vizuri. Tulicheka, tukasema mzee anatafuta makosa. Jioni ile niliona kuwa alikuwa sahihi kuhusu uzito wa neno. Kati ya "fumba" na "funga" kuna konsonanti moja, na ndani ya konsonanti hiyo kuna tofauti kati ya mtu anayeyashusha makope yake kwa hiari na mtu anayefungwa na mwingine. Lakini siwezi kukubaliana naye kuwa wimbo ule ni kosa. Kigali si Unguja. Huku kwetu bara, watu wengi wanasema "funga macho" na wanaelewana, na msanii ameimba lugha ya watu wake. Zaidi ya hayo, kama Bruce Melodie angetumia "fumba", Jjajja asingelitambua neno, na wimbo ungempita kama upepo. Ni kwa sababu neno lilikuwa lilelile la askari ndiyo maana aliuliza lile swali. Neno aliloliogopa kwa miaka arobaini lilisemwa mbele yake kwa upole, na hakuna aliyedhurika.

Huo ndio msimamo wangu katika makala hii. Sidai kuwa nyimbo hizi zinafundisha sarufi safi, wala sidai kuwa zinaponya vita. Nasema kwamba zimekipa Kiswahili, masikioni mwetu sisi majirani, hali nyingine za kusemea: kuchekesha, kukataa, kusalimu, kubembeleza. Lugha isiyokuwa na hizo ni filimbi ya kizuizini tu.

Nina malalamiko mawili kabla ya kufunga. La kwanza ni majina. The Godson, Peace and Money, Colorful Generation, Room Number 3: kazi nne, vibao vinne vya mlangoni, vyote kwa Kiingereza, ilhali ndani ya nyumba wenyeji wanazungumza Kiswahili na lugha zao. Najua soko la intaneti linadai nini. Hata hivyo, wasanii waliotufanya tuipende lugha hii wasingepoteza kitu kama wangeiandika pia juu ya mlango. La pili ni mada. Karibu kila wimbo nilioupenda ni wa mapenzi. Sijasikia bado, miongoni mwa nyimbo mpya, wimbo wa Kiswahili unaosimulia yaliyowapata watu wa Luweero, katika lugha ileile waliyoamrishwa nayo. Labda huo ni mzigo wa wasanii wa Uganda, si wa Marioo wala Zuchu. Ukitoka, nitauhakiki kwa ukali kama nyingine.

Mwezi Juni tulikwenda kwenye utambulisho wa dada yake binamu yangu. Gari la kukodi lilifika asubuhi, Jjajja akiwa tayari amevaa gomesi yake ya kijani. Binamu yangu alimfungulia mlango, akamwita. Yeye alisimama pale uani, mkoba mkononi, akamtazama.

"Siji," alisema.

Kisha akacheka, akaja, akapanda.